Kilichotoka Ndicho Kilichoingia?

Tarehe 28 Agosti 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliiamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake ili wataalamu wa upande uliopinga matokeo wazikague, kwa kusoma tu bila kubadili chochote. Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu. Tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita walibatilisha uchaguzi wa rais, na walipotoa sababu zao kwa urefu baadaye mwezi huohuo, kutofungua seva kulihesabiwa dhidi ya tume. Katika hoja hiyo, lililomwangusha mlalamikiwa si kitu kilichoonekana ndani ya seva. Ni kule kutoonekana.

Ile ilikuwa kesi ya nchi nzima, lakini kanuni iliyotumika inamhusu hata mwenye duka la vipuri Kariakoo aliyeajiri vijana wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira ya kila mfanyakazi kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Mgogoro ukizuka naye akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kijana akisema tulipatana laki sita kwa mwezi, na mwajiri akasema laki nne, asiyekuwa na karatasi ndiye atakayehangaika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema vivyo hivyo. Kwenye kodi hali ni ngumu zaidi: anayepinga makadirio ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba makadirio yamezidi. Bila nyaraka, atakwenda pale na maneno matupu.

Ukitaja usalama wa nyaraka za kielektroniki, wengi huwaza wezi wa mtandaoni na neno la siri. Sheria zetu zinatazama mbali kuliko hapo. Zinataka kujua kama waraka upo, kama ni uleule uliowekwa, na ni nani mwingine aliyeuona. Wafanyabiashara wengi wanajiandaa kwa swali la kwanza tu. Wana picha kwenye simu, wana faili kwenye flashi, wana barua pepe, basi wanalala usingizi. Maoni yangu ni kwamba hatari kubwa imejificha kwenye swali la pili, kwa sababu hapo ndipo mtu mwenye haki anaweza kushindwa kesi huku ushahidi wake akiwa nao mkononi.

Tulikotoka kunasaidia kuelewa. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ni ya mwaka 1967, na mifupa yake ni ile ya Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Waandishi wake waliwaza leja zenye jalada gumu, wino na mihuri. Kompyuta zilipoingia kwenye mabenki, likazuka swali lililoonekana dogo: karatasi iliyochapwa na kompyuta ya benki inahesabika kuwa kitabu cha benki? Katika kesi ya Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, iliyofunguliwa mwaka 2000 katika Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, Jaji Nsekela alikubali kwamba inahesabika. Uamuzi ule ulifungua mlango ambao Bunge lilikuwa bado halijaufikia. Marekebisho ya sheria yalikuja mwaka 2007, na hatimaye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huohuo pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kenya ilikuwa imeweka vifungu kama hivyo mwaka 2009 kwa kurekebisha sheria zake za mawasiliano na ushahidi, kisha Machi 2020 ikarekebisha sheria kadhaa za biashara kwa mkupuo ili saini ya kielektroniki ikubalike hata pale palipokuwa na mazoea ya wino na lakiri.

Chimbuko la haya yote ni sheria ya mfano iliyotolewa na UNCITRAL, chombo cha Umoja wa Mataifa cha sheria za biashara ya kimataifa, mwaka 1996. Wazo lake kuu ni kwamba waraka usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kazi iliyofanywa na karatasi ikifanywa sawasawa na faili, basi faili lihesabiwe sawa na karatasi. Ni wazo zuri sana. Lakini watu wamelisikia nusu. Wamesikia kwamba faili linakubalika, hawakusikia kwamba ni lazima lifanye kazi ileile ya karatasi, na kazi mojawapo ya karatasi ilikuwa kuonyesha ikichezewa: wino uliofutwa unaacha alama, ukurasa uliochomolewa unaacha pengo. Faili likibadilishwa haliachi kovu la kuonekana kwa macho.

Kwa sababu hiyo kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinastahili kusomwa na kila mwenye biashara, wala si mawakili peke yao. Kinasema mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, kama njia hizo zinaaminika. Itazame jinsi uhalisi wake ulivyolindwa. Na itazame jinsi mwanzilishi wake alivyotambuliwa. Kukubaliwa kupokelewa ni jambo moja, na kupewa uzito ni jambo jingine. Waraka unaweza kupokelewa asubuhi na kuonekana hauna uzito jioni.

Tuchukue mfano wa kawaida. Muuza saruji wa Mbagala anatuma ankara kwa mteja kwa WhatsApp. Mteja anajibu, "Sawa, nitalipa mwisho wa mwezi." Mwezi unakwisha, mteja anazima simu. Muuzaji anapiga picha ya skrini, anaichapa steshenari, anaipeleka kwa wakili. Picha ile ya skrini ina udhaifu mwingi. Haionyeshi namba kamili ya aliyejibu kama namba hiyo imehifadhiwa kwa jina. Mtu yeyote anaweza kubadilisha jina la namba nyingine na kutengeneza mazungumzo yanayofanana. Na kama simu yenyewe imekwisha kuuzwa au kufutwa, chanzo hakipo tena. Picha ya bidhaa iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida nayo hupunguzwa ukubwa, na zile taarifa zilizojificha ndani yake, kama saa ilipopigwa na kifaa kilichotumika, huondolewa njiani. Aliyebaki na picha iliyopokelewa tu amebaki na nakala iliyonyang'anywa kumbukumbu yake. Ile halisi iko kwenye simu iliyopiga.

Muuzaji huyohuyo angefanya mambo machache, hali ingekuwa tofauti kabisa. Ankara angeitengeneza kama PDF na kuituma kwa barua pepe pia, ambayo kichwa chake hubeba njia yote iliyopitiwa, tarehe na saa. Mazungumzo angeyahamisha yote kama faili badala ya kukata kipande. Simu yenye mazungumzo asingeiuza mpaka deni liishe. Na mbele ya mahakama angeapa, kwa hati ya kiapo au kwa mdomo, akieleza kifaa gani kilitumika, nani alikuwa nacho, kilikuwa kikifanya kazi sawasawa, na namna waraka ulivyotoka kwenye kifaa mpaka kwenye karatasi. Kenya imeliweka hili kwa ukali zaidi: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kilichosainiwa na mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho, na zipo kanda na picha zilizokataliwa mahakamani kwa kukosa cheti tu, si kwa sababu yeyote alithibitisha kuwa ni za uongo. Wanasheria wa Kenya wanajua uchungu wa jambo hilo. Wateja wao hujifunza wakiwa wamechelewa.

Ipo njia ya kuonyesha kwamba faili halikuguswa, nayo ni ya bure, ingawa nje ya duru za wataalamu haitajwi sana. Inaitwa heshi. Programu inasoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Kwa aina iitwayo SHA-256 huwa ni 64. Badilisha koma moja ndani ya mkataba wa kurasa mia, na mfuatano wote unabadilika. Ukipiga heshi siku ya kusaini na kuituma kwa upande wa pili kwa barua pepe, miaka minne baadaye yeyote anaweza kuipiga tena na kulinganisha. Saini salama ya kielektroniki inayotambuliwa na sheria ya Tanzania imejengwa juu ya msingi huohuo: iwe ya mtu mmoja pekee, imtambulishe, iwe chini ya udhibiti wake mwenyewe, na iunganishwe na waraka kiasi kwamba waraka ukibadilika saini nayo inaharibika. Picha ya saini ya mkono iliyokatwa na kubandikwa kwenye Word haifiki hata robo ya masharti hayo. Inashangaza ni mikataba mingapi inayopita mijini kwetu na picha za namna hiyo, na wenye nayo wanaamini wamesaini.

Tahadhari moja inahitajika hapa, kwa sababu kuamini mashine kupita kiasi kuna gharama yake. Sheria ya 2015 inaruhusu mahakama kudhani kwamba mfumo wa kumbukumbu ni wa kuaminika ikionyeshwa kuwa kompyuta ilikuwa ikifanya kazi vizuri, au kama kumbukumbu ziliwekwa katika shughuli za kawaida na mtu asiyehusika na kesi. Uingereza ilikuwa na dhana ya namna hiyo kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Kuanzia mwaka 1999 shirika lake la posta lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, na wasimamizi wa vituo vya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo ulionyesha upungufu wa fedha. Mfumo ndio uliokuwa na kasoro. Watu walifungwa, wengine walifilisika, na ilibidi Bunge la Uingereza litunge sheria mwaka 2024 kuzifuta hukumu hizo kwa jumla. Kwa hiyo keshia wa duka la jumla Mwanza anayeambiwa na mfumo kwamba ana upungufu wa milioni mbili ana haki ya kuuliza mfumo huo unatunza vipi kumbukumbu zake, nani anaweza kuingia na kuhariri, na kama kuhariri huko kunaacha alama. Mwajiri asiye na majibu asikimbilie polisi.

Sasa muda. Hapa sheria zimepishana kiasi kwamba mtu mwangalifu anaweza kukosea kwa nia njema. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya 2015 inataka nyaraka zitunzwe kwa angalau miaka 5. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya, ya mwaka huohuo, nayo inataka 5. Mfanyabiashara akisikia hivyo, mwaka wa sita anachoma mafaili na kufuta diski. Lakini Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 6 ya kushtaki juu ya mkataba, na miaka 12 kudai ardhi, katika nchi zote mbili. Aliyefuta mkataba mwaka wa sita ukianza anaweza kuletewa shauri miezi michache baadaye na asiwe na la kujibia. Anayefanya biashara na Lubumbashi au Bukavu aongeze hesabu nyingine: Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi zenye sheria za pamoja za biashara, tangu 2012, na sheria ya uhasibu ya jumuiya hiyo inadai vitabu na vielelezo vyake vitunzwe miaka 10. Na kama shauri limekwisha kuanza, miaka yote hiyo haina maana tena, kwani kufuta kitu kinachogombaniwa ni kujitia kitanzi.

Upande wa pili wa barabara hiyohiyo imesimama sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya mwaka 2019 Kenya na ya mwaka 2022 Tanzania, ambayo ilianza kutumika Mei 2023. Hizi zinasema kinyume: taarifa za mtu zisikae kuliko inavyohitajika kwa lengo zilizokusanyiwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2021 zinataka kuwe na ratiba ya muda wa kuhifadhi. Zote mbili zinatambua kwamba sheria nyingine ikidai uhifadhi, uhifadhi uendelee. Kwa hiyo si kwamba sheria zinapigana uso kwa uso. Tatizo ni kwamba faili moja la mfanyakazi lina vitu vya kila namna: mkataba, unaotakiwa ukae miaka 5 baada ya ajira, hati za mishahara, za kodi, nakala ya kitambulisho, cheti cha daktari cha ugonjwa wa miaka mitatu iliyopita, na maombi ya kazi ya watu 40 ambao hawakuajiriwa. Mkataba una sababu ya kubaki. Cheti cha daktari kinahitaji sababu yake chenyewe. Yale maombi 40 hayana sababu yoyote, na bado yamelala kwenye barua pepe ya ofisi na vyeti vya shule vya watu hao, namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA) na majina ya wadhamini wao.

Kazi ya kuyatenganisha haya imeachiwa mwenye biashara peke yake, na naona hilo si haki. Kampuni ya simu ina idara ya sheria. Mwenye kliniki ndogo Tanga ana yeye na muuguzi na binti wa mapokezi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, TRA na wizara inayohusika na kazi wangekaa mezani na kutoa jedwali moja la Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, linalosema waraka gani ukae miaka mingapi na kwa sheria ipi, wangemsaidia kuliko semina kumi za hoteli. Sheria ya taarifa binafsi yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili. Jedwali halihitaji Bunge.

Kabla sijaondoka kwenye muda, neno juu ya risiti. Mashine za risiti za kielektroniki (EFD) ziliingia Tanzania mwaka 2010, na karatasi zake ni zile zinazochapwa kwa joto. Risiti iliyowekwa kwenye pochi au juu ya dashibodi ya gari hufifia, na baada ya miezi kadhaa inabaki nyeupe. Mtu anayetakiwa kuonyesha gharama zake kwa miaka 5 amepewa ushahidi usiofika hata miwili. Aipige picha siku ileile, na aandike pembeni namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti, kwa kuwa namba hiyo inaweza kukaguliwa kwenye tovuti ya TRA. Wakenya wamelibeba jambo hili kwa njia nyingine: tangu 1 Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS, mfumo wa mamlaka yao ya kodi, kwa kawaida haikatwi kwenye hesabu za kodi, na ankara hizo huzaliwa zikiwa za kielektroniki.

Swali la tatu, la nani mwingine ameuona waraka, halijibiwi kwa kutazama seva za mabenki peke yake. Nenda kwenye steshenari yoyote jirani na ofisi ya serikali, au kwenye saiba ya Nairobi. Mtu anakuja na cheti cha kuzaliwa, mkataba wa kiwanja, kitambulisho, matokeo ya kidato cha nne. "Tuma kwenye namba hii, dada, nikutolee." Anatuma. Kinachapwa, analipa, anaondoka. Faili limebaki kwenye simu ya duka, kwenye folda ya vilivyopakuliwa ya kompyuta ya duka, na pengine kwenye barua pepe ya duka ambayo nywila yake imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa ukutani. Baada ya mwaka, kompyuta moja ya steshenari ina vitambulisho vya mtaa mzima. Anayetaka kufungua laini ya simu au kuomba mkopo wa mtandaoni kwa jina la mtu mwingine hana haja ya kuvamia seva ya Mamlaka ya Vitambulisho. Anahitaji dakika kumi kwenye kiti kile.

Kwa macho ya sheria ya Tanzania, mwenye steshenari huyu ni mchakataji wa taarifa binafsi, na kwa yale anayoyaweka kwa matumizi yake ni mkusanyaji kamili. Anatakiwa asajiliwe na Tume, alinde taarifa, na kukitokea uvujaji atoe taarifa bila kuchelewa. Kenya imeweka saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data, na imewaondolea usajili wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, isipokuwa wale wa shughuli nyeti kama afya na elimu. Kuondolewa usajili hakumwondolei mtu wajibu wa kulinda, jambo ambalo wengi hulichanganya. Adhabu si za kuchekea: sheria ya Tanzania inafika shilingi bilioni 5 kwa kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria, na ya Kenya inafika shilingi milioni 5 za Kenya au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Septemba 2023 Kamishna wa Kenya alitoza faini shule moja iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, klabu moja ya starehe iliyotumia picha ya mteja, na kampuni moja ya mikopo ya simu. Shule ililipishwa shilingi 4,550,000. Faini za namna hiyo zimewaamsha wengi.

Lakini siamini kwamba faini ndizo zitakazomfikia mtu wa steshenari. Kinachomfaa ni desturi mbili za kazi: kufuta kila jioni folda ya vilivyopakuliwa na mazungumzo ya wateja, na kumwacha mteja mwenyewe afungue barua pepe yake kisha aitoke mbele ya macho yake. Kwa mteja, kuuliza "Umefuta?" si utovu wa adabu. Ni haki iliyoandikwa.

Kuhusu mahali pa kuweka, sheria za kanda zinatofautiana. Rwanda, kwa sheria yake ya 2021, inataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi isipokuwa kwa kibali. Tanzania na Kenya zinaruhusu zitoke kwa masharti, hasa kwamba ziendako kuwe na ulinzi wa kutosha. Wengi wetu tunatumia wingu la kampuni za Marekani, ambazo baadhi zina vituo Afrika Kusini tangu 2019 na 2020, na faili la daktari wa Moshi huenda limelala Ireland bila yeye kujua. Jambo la kujifunza lilitokea 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikayumba pwani yote ya Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Nyaraka hazikupotea. Ila aliyekuwa nazo kwenye wingu tu hakuzifikia, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inadai kumbukumbu ziwe zinafikika na kutumika baadaye. Nakala moja iwe karibu, kwenye diski iliyofungwa kwa usimbaji, isiyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile. Ipo sababu nyingine ambayo watu huisahau: Sheria ya Makosa ya Mtandao inaruhusu kompyuta kukamatwa katika upelelezi. Mwenye kompyuta moja iliyobeba kila kitu anaweza kukaa miezi bila kumbukumbu za kodi wala za mishahara, hata kama mwishoni ataonekana hana kosa.

Tushuke sasa kwa mtu binafsi, ambaye sheria inamsahau na yeye mwenyewe anajisahau. Kwanza, asichome karatasi kwa sababu ameziskani. Hati ya umiliki wa ardhi iliyotolewa kwa karatasi, wosia, na mkataba uliolipiwa ushuru wa stempu vinabaki na thamani yake kama vilivyo. Sheria ya Kenya imeuondoa wosia waziwazi katika vifungu vyake vya maandishi na saini za kielektroniki, na Tanzania mkataba unaopaswa kulipiwa ushuru wa stempu usipolipiwa haupokelewi kama ushahidi, hata uskaniwe kwa rangi nzuri namna gani. Skani ni kinga dhidi ya moto na panya. Usiku wa 10 Julai 2021, soko la Kariakoo lilipoungua, aliyekuwa na daftari la madeni mle ndani bila nakala nje alipoteza bidhaa na wadeni kwa pamoja.

Pili, nyaraka za mtu zimefungwa kwa namba yake ya simu na akaunti yake. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, na ufutaji ukaanza Desemba mwaka huo. Weka hilo kando ya miaka 5 ya kodi na miaka 12 ya ardhi. Baba aliyefungua duka kwa akaunti yake binafsi akifariki, mahakama itamteua msimamizi wa mirathi na kumpa mamlaka juu ya mali yake. Msimamizi atakwenda benki na barua yake na atasikilizwa. Atakwenda ofisi ya ardhi, atasikilizwa. Kwenye kampuni ya barua pepe iliyoko California atakuta fomu ya Kiingereza na safari ndefu, wakati mikataba ya wapangaji, ankara za wadeni na hesabu za miaka mitatu ambazo TRA bado inaweza kuziulizia zimo humo. Google ina mpangilio wa kumteua mtu atakayepewa data akaunti ikikaa kimya kwa miezi uliyochagua mwenyewe, na Apple iliweka wa kwake mwishoni mwa 2021. Kuweka jina la mke, mume au mtoto hapo kunachukua dakika chache na hakuhitaji wakili. Wenye biashara ya familia wafanye hivyo wiki hii, na biashara iwe na akaunti yake yenyewe, isiyo ya mtu mmoja, yenye wasimamizi wawili.